Nani Alisaini Ile Bunduki?

Jumanne, Bunda. Mvua ya asubuhi imeacha tope hadi mlangoni, mnada umelala, na mimi nimejaa hasira.

Jibu limekuja kwa barua pepe, kutoka nchi ilikotengenezwa ile bunduki. Wezi wa ng'ombe waliiangusha zizini kwetu Butiama, siku waliyompiga mdogo wangu Chacha risasi ya goti. Nilinakili chapa na namba yake kabla polisi hawajaichukua, nikawaandikia wale wanaotoa vibali vya kuuza silaha nje: imefikaje kwetu?

Wanasema iliuzwa kihalali kwa jeshi la nchi nyingine. Mnunuzi aliahidi kwa maandishi kwamba hataipitisha kwa mtu. Haki za binadamu zilizingatiwa. Sasa jeshi hilohilo limeomba mzigo mwingine, na ombi "linashughulikiwa". Mwisho wanatupa pole.

Pole!

Mimi ni afisa mifugo. Ng'ombe mmoja hatoki Butiama kuja mnadani hapa bila karatasi yenye chapa yake, anakotoka, anakokwenda na saini yangu. Kwa hiyo wasinifundishe mambo ya karatasi.

Na nikiri. Mwaka juzi nilisaini kibali cha ng'ombe watano bila kutoka nje kuwatazama, kisa chai yangu ingepoa. Walikuwa wa wizi. Mwenye mali, mama mmoja wa Guta, alinifuata ofisini. Nikamwonyesha nakala ya kibali, nikamwambia kwa upande wangu kila kitu kiko sawa. Hata hakuitazama.

"Si ni wewe ulisaini? Vaa viatu, twende tukatafute."

Tulitafuta siku mbili, mpaka Kibara. Tukapata wanne. Yule wa tano simsahau, na tangu hapo sisaini kibali nikiwa nimekaa.

Baba amepiga simu kutoka Butiama. "Achana nao, mwanangu. Wakubwa hawasikilizagi watu kama sisi, tena wako mbali."

Mbali ni Kibara siku ya matope, baba.

Nimewajibu leo hii, tena kwa Kiswahili, wakatafute mtafsiri wenyewe. Nimewaambia: kabla hamjasaini huo mzigo mpya, nitajieni aliyesaini ule wa kwanza. Avae viatu, aje Butiama tutafute sote bunduki zilizobaki. Chacha hawezi tena kufuata ng'ombe, lakini njia waliyokimbilia wale wezi anaijua.

Atamwonyesha kwa mkongojo.