Orodha Iliyokuwa Kwenye Folda ya Muda

UMOJA WA WACHANGIA DAMU
KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI, JUMATANO TAREHE 9 OKTOBA
Mahali: chumba cha Umoja, nyuma ya stoo ya mashuka, hospitalini
Kuanza: saa 4:10 asubuhi

Waliohudhuria:
1. Mwenyekiti (mkunga mstaafu)
2. Makamu Mwenyekiti (seremala)
3. Muuguzi wa benki ya damu
4. Katibu (mjane wa Katibu aliyetangulia)

Kwa njia ya simu: Fundi wa kompyuta, mpwa wa Makamu
Asiyehudhuria kwa udhuru: Dereva wa gari la wagonjwa, yuko safarini

Fomu ya mahudhurio iliyochapwa zamani bado ina jina la Katibu aliyetangulia. Mwenyekiti aliagiza liachwe kwa leo.

KUMB. NA. 1/10: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alieleza kwamba binti wa Makamu atapasuliwa kesho saa 2 asubuhi ili ajifungue. Damu yake ni O hasi na benki haina hata mfuko mmoja. Muuguzi aliongeza kwamba inahitajika mifuko miwili, na lazima itolewe leo kabla ya saa 8 mchana ili ipate muda wa kupimwa. Wenye damu hiyo wanajulikana kwa orodha ya Umoja tu. Nakala ya mwisho ya karatasi ilichapwa miaka mitatu iliyopita na namba nyingi za simu zimebadilika.

Makamu aliomba wajumbe wafanye haraka. Aliomba mara tatu.

KUMB. NA. 2/10: FAILI LA KUSAFISHA KOMPYUTA
Mwenyekiti alitaka kujua kwa nini kwenye kioo cha kompyuta kuna kitu kipya kinachoitwa SAFISHA. Makamu alieleza kwamba Jumatatu alimwita mpwa wake kwa sababu kompyuta imezeeka, diski imejaa na kufungua barua moja huchukua muda wa kupika chai. Mpwa aliandika faili la bachi, yaani amri kadhaa zilizopangwa pamoja ambazo kompyuta huzifuata yenyewe, moja baada ya nyingine, bila kuuliza. Kazi yake ni kufuta kila kitu kilichomo kwenye folda ya mafaili ya muda. Lilikuwa bado halijatumika.

Mwenyekiti alisema kamati haikuombwa ruhusa. Makamu alijibu kwamba kamati ikiombwa ruhusa hukaa miezi miwili. Mwenyekiti alisema hilo litazungumzwa siku nyingine, na kwamba hatalisahau.

Katibu alifahamisha kikao kwamba asubuhi hii, akitaka kuichapa orodha, aliangalia imehifadhiwa wapi. Imo kwenye folda hiyo hiyo ya muda. Marehemu, Katibu aliyetangulia, aliipokea kwa barua pepe miaka sita iliyopita, akaifungua palepale kwenye barua, na tangu hapo alikuwa akiongeza majina na kubofya hifadhi. Hakujua kwamba kompyuta inaiweka mahali pa vitu vya kutupwa. Katibu naye hakujua.

Iliamuliwa orodha inakiliwe mara moja. Katibu alikwenda kwenye droo kutafuta flashi.

KUMB. NA. 3/10: YALIYOTOKEA SAA 4:31
Katibu akiwa bado kwenye droo, Makamu alibofya SAFISHA mara mbili. Alieleza baadaye kwamba alitaka kuona kilichoandikwa ndani ili waondoe amri ya kufuta. Faili la aina hiyo likibofywa hivyo halionyeshi kilichomo. Linaanza kazi.

Dirisha jeusi lilifunguka na majina ya mafaili yakaanza kupita. Makamu alisema, "Linafanya nini? Mama, linafanya nini?" Mwenyekiti alimwambia achomoe waya. Muuguzi alimshika mkono, akasema ikizimwa ghafla huenda isiwake tena. Hakuna mjumbe aliyejua namna ya kulisimamisha. Katibu aliona barua alizoandika marehemu zikipita kwa majina aliyozipa, na picha za sherehe ya wachangiaji.

Kisha kioo kikawa cheupe na kompyuta ikaganda kwa dakika nne. Makamu alikaa sakafuni.

Fundi alipigiwa na simu ikawekwa mezani.
"Mjomba, umebofya?"
"Nimebofya."
"Sasa toa mikono hapo. Weka mfukoni. Shangazi yupo?"
Katibu alijibu kwamba yupo. Fundi aliuliza kama orodha ilikuwa imefungwa au iko wazi. Katibu alieleza kwamba haijafungwa kwa wiki saba. Marehemu aliiacha wazi siku aliyoinuka kwenye kiti kile kwa mara ya mwisho, mshale ukiwa kwenye mstari wa 212, na Katibu hakupenda kuusogeza. Chumba kina umeme wa jenereta na kompyuta haizimwi.

Fundi alisema faili lililo wazi halifutiki kirahisi, lakini hawezi kuahidi kitu.

Kioo kilirudi saa 4:39. Mstari wa mwisho wa dirisha jeusi ulisema kuna faili moja ambalo halikuweza kufutwa kwa kuwa linatumika.

KUMB. NA. 4/10: ORODHA
Katibu alihifadhi orodha kwenye flashi, Fundi akimwelekeza neno kwa neno. Kwa kuwa wajumbe hawakuwa na imani tena na kompyuta, Mwenyekiti aliamuru Katibu asome na Muuguzi aandike kwa kalamu. Wenye O hasi ni watano, pamoja na maelezo aliyoyaweka marehemu:

1. Marehemu mwenyewe. Hakuna maelezo.
2. Mwalimu wa hesabu. "Asipigiwe wakati wa kipindi. Mpigie mlinzi wa shule."
3. Mama Mapacha. "Ananyonyesha hadi Desemba. Asiulizwe, maana atakubali."
4. Bonge muuza matofali. "Anaogopa sindano. Aongeleshwe habari za njiwa wake mpaka mfuko ujae."
5. Mpiga picha. "Amehama."

Mwalimu alipatikana kupitia mlinzi na akakubali. Bonge aliuliza, "Yule mzee wa njiwa atakuwepo?" Katibu alimwambia hatakuwepo. Bonge akasema anakuja.

Makamu aliomba radhi. Mwenyekiti alimwambia ainuke sakafuni, mjukuu asije akamkuta hapo.

KUMB. NA. 5/10: MAAZIMIO
(a) Orodha ikae sehemu tatu, mojawapo daftari.
(b) Jina la kwanza lisifutwe.
(c) Faili la SAFISHA liandikwe upya, lionyeshe kinachofutwa na lisubiri jibu. Fundi aliuliza liulize swali gani. Katibu alikumbusha kwamba marehemu, kabla ya kufunga mlango huu jioni, aliita kwanza, hata akiwa amewaona wote wametoka: "Kuna mtu ndani?" Ilikubaliwa liulize hivyo.

KUFUNGA
Kikao kiliahirishwa saa 5:20 kabla ya mengineyo, kwa sababu Bonge alikuwa amefika na amekataa kukaa kwenye kiti. Katibu aliitwa akamwongeleshe. Alimuuliza Mwenyekiti njiwa wanakula nini. Mwenyekiti alisema hajui, akamuulize Bonge mwenyewe.

Sahihi: ........................ Mwenyekiti

Sahihi: ........................ Katibu