Madam Hajanipiga, Ni Baiskeli

Mpendwa Shangazi Jokha, naomba unisaidie kabla Ijumaa haijafika, na ukishanisaidia una ruhusa ya kunicheka.

Mimi ni Mkenya, nalea watoto nyumbani kwa madam mmoja Mbelgiji hapa Al Mankhool, Dubai, na huu ni mwaka wangu wa pili kusomea sheria kwa masafa, siku za kazi nasoma watoto wakiwa shuleni na Ijumaa mchana tunakutana Al Qusais na mwalimu wetu Bwana Zedekiya, na kanisani kwetu, ambako ibada ni Ijumaa asubuhi kwa sababu Jumapili hapa watu wako kazini, wananiita Wakili tangu siku niliyojiandikisha, ingawa cheti chenyewe sijakiona hata kwenye picha.

Shida ilianza madam aliponipa baiskeli yake ya zamani. Kwao wana mbio zinaitwa saiklokrosi, Shangazi, ambazo sijui nani alizibuni na alikuwa amekula nini, unaendesha kwenye mchanga na matope, ukifika penye mbao zilizowekwa kukatiza njia unashuka, unaitupa baiskeli begani kama mkungu wa ndizi, unakimbia nayo, unapanda tena bila kusimama, na madam na wenzake wamejitengenezea njia yao nje ya mji, wanaimwagia maji hadi mchanga unakuwa tope, wanashindana Ijumaa asubuhi msimu huu wa baridi. Mara ya kwanza nilienda kushika chupa za maji, mara ya pili nikapanda, na tangu hapo situlii, maana kule hakuna anayeniita yaya wala Wakili, wananifokea tu yalla, yalla, yaani haya twende, na nimeshaanza kuwapita wanaume wenye baiskeli zinazong'aa kuliko magari yao.

Basi kanisani nikasema Ijumaa asubuhi darasa letu limeongezwa muda, na darasani, kwa kuwa nikitoka mbioni nalala kama gogo, nikasema ibada zetu ni ndefu mno, hadi Bwana Zedekiya akaniambia nikikosa mara moja zaidi hatapeleka jina langu kwa mtihani wa mwisho. Halafu Ijumaa moja isiyo na mbio nikaenda kanisani na gauni la shingo pana, bega limevilia damu pale fremu inapokaa na miguu imechubuka, na Dada Yuliana, kiongozi wetu wa akina mama, akanivuta pembeni akauliza polepole, "Ni madam?"

Ningesema ni baiskeli, angeuliza baiskeli gani na darasa je, kwa hiyo nikainamisha kichwa, sikusema ndiyo, Shangazi, nilinyamaza tu, lakini akanikumbatia akalia, nami kwa kuona anavyolia nikalia pia. Sasa akina mama wamefunga kula, wamekodi basi dogo, na Ijumaa hii ibada ya asubuhi wataifanyia mlangoni kwa madam, wakitoka hapo wanipeleke polisi, na kwa kuwa mimi ndiye Wakili nimeombwa niipange kesi mwenyewe. Asubuhi hiyo hiyo ni mbio za mwisho za msimu, mchana ni lile darasa nisiloweza kukosa, na madam hajui lolote, jana ameniwekea tairi mpya. Nichague lipi?

Wakili wa Mchangani, Al Mankhool

*

Wakili wa Mchangani,

Nimekwisha kukucheka, tena hadi mume wangu akaja kuuliza kuna nini. Sasa nisikilize.

Unaniuliza kuhusu mbio na darasa, na mwanamke aliyekupa baiskeli anakaribia kuitwa kituoni mbele ya watoto unaowalea. Huyo huyo ndiye kafeel wako, mdhamini wa viza yako. Ikijulikana umemsingizia, utapanda ndege ya Nairobi bila mtihani na bila baiskeli. Mwaka wa pili wa sheria, mwanangu, na hujui kwamba ulipoinamisha kichwa ulikuwa umeshatoa ushahidi? Na huo mpango wenu wa Ijumaa nao! Mngekuta mlango umefungwa, maana madam atakuwa matopeni, mkasema amekimbia.

Nakuelewa, usidhani sikuelewi. Siku sita wewe ni wa watu, wa watoto, wa madam, wa kanisa linalotaka wakili wake haraka. Saa mbili za kuwa mtu asiye na jina, anayefokewa yalla tu, hata mimi na magoti yangu haya ningezitaka.

Lakini kuna jambo limeniudhi, nami si mtu wa kuudhika ovyo. Napokea barua za wasichana wanaopigwa kweli. Siku mmoja wao atakapomwendea Dada Yuliana na jicho lililovimba, nataka aaminiwe papo hapo. Ukimwacha Yuliana aaibike kwa kesi yako ya uongo, huyo msichana ataulizwa mara tatu kama hakuanguka na baiskeli.

Kwa hiyo leo, kabla watoto hawajarudi, mwambie madam jikoni, yote, usipunguze. Atakuuliza kwa nini, na wewe safari hii usinyamaze. Kisha nenda kwa Yuliana kwa miguu yako, usimtumie meseji ya WhatsApp, umwambie, "Dada, madam hajanipiga. Ni baiskeli, nami nikakudanganya kwa kunyamaza." Atakufokea. Mwache amalize, ana haki, amekufungia kula. Bwana Zedekiya mpigie simu tu, yeye umemnyima sikio, hujamharibia jina.

Mbio sikukatazi. Zinaisha asubuhi, darasa ni mchana, kinachokula muda wako ni usingizi wa katikati. Oga, kunywa kahawa, panda metro. Kanisani wana ibada za jioni siku nyingine, msimu ukiisha urudi Ijumaa yako. Mtihani ukikaribia, baiskeli ikae stoo, khalas, na usiniandikie kuniomba ruhusa.

Halafu kuna lile basi, limeshakodiwa. Mwombe Yuliana aligeuze, liwalete akina mama mchangani, waimbe humo humo ndani ya basi, si hadharani, tusitafute kesi nyingine. Madam amkaribishe Yuliana asimame mbele, kwenye kamba ya watazamaji. Nawe ukifika penye zile mbao, itupe baiskeli kwenye bega lile lile, mbele ya macho yake, aone alama inavyoingia. Akilia tena, safari hii usilie naye. Kimbia.

Shangazi Jokha