Kona ya Ndizi, Njia ya Matombo

Morogoro

Kwako Dada Mwanaidi,

Shikamoo dada. Ukiona mwandiko unayumba ujue ni mkono tu, mwenyewe mzima, ila hali ni ya kusukuma. Mgongo wako je? Na mikorosho imeshatoa maua? Simu yangu ilizama topeni, ndiyo maana nakuandikia karatasi na kumpa dereva wa lori la huko kwetu.

Dada, timu yetu ya magari ya mashindano iko hoi. Misimu mitatu hatujashika kikombe. Zamani tukipita Dumila wauza vitunguu walishikilia paa za vibanda kwa upepo wetu. Na pale Ngerengere tuliipita treni, tukanywa chai, tukamaliza, ndipo ikafika. Chai ile ni kweli. Treni ilikuwa imeharibika, lakini tuliipita.

Sasa bosi wetu, Mzee Kassimu, kachoka. Alituita gerejini, mimi na Bakari dereva, akasema, "Mbio za Mkuyuni mkikosa, gari nauza."

Mimi ni msoma ramani. Nakaa pembeni ya dereva na daftari, namtajia kona kabla hajaiona. Siku moja kabla ya mbio tunapita njia polepole, naandika. Wenzangu huandika kwa namba. Mimi na namba tuliachana kwa ugomvi darasa la nne, naandika ninachokiona: "Mfenesi uliopinda, kulia." Imetufaa miaka yote.

Safari hii, ukitoka Mkuyuni kuelekea Matombo, kuna kona inayojificha nyuma ya mlima. Pembeni palikuwa na lundo la ndizi, kubwa kama nyumba. Nikaandika: "Ndizi, kushoto kali."

Kesho yake tuliruka kama risasi. Tulikuwa wa pili, dada, wa pili! Bakari akauliza, "Kona wapi, mzee?"

"Bado. Sijaona ndizi."

"Ndizi gani tena?"

"Wewe kanyaga mafuta!"

Akakanyaga. Tukaingia kwenye maharage ya watu, gari likalala ubavu.

Mwenye shamba akaja na jembe lake. Nikamwambia, huku nimening'inia kwenye mkanda, "Mama, hapa jana palikuwa na ndizi."

"Zilikuwepo. Leo gulio, nimezishusha kuuza. Wee baba, ulitaka zikusubiri wewe?"

Bakari hakunitukana. Hicho ndicho kinachoniuma. Alichuchumaa akaanza kuinua mashina ya maharage, moja moja, kama anaomba radhi kwa niaba yangu.

Bosi alilizunguka gari mara tatu. Kisha akasema, kwa kuwa tulikuwa wa pili, atatupa nafasi moja ya mwisho, mwezi ujao, njia ileile. Tukikosa gari linauzwa, nami narudi huko na begi langu. Gari tumelinyoosha kwa nyundo. Mlango wa upande wangu tunafunga kwa kamba.

Wapwa zangu waambie mjomba wao ameshashinda. Wewe sikutilii chumvi: sijui kama tutaweza. Nimechoka, dada. Siku hizi hata kuingia garini magoti yanalia.

Msalimie shemeji. Msalimie shangazi, mwambie dawa yake ya kuchua imenisaidia. Na yule jirani niliyemwambia mimi ndiye dereva, mwache hivyohivyo.

Jumapili nilipanda kwa miguu mpaka kwenye kona ile. Kando ya njia kuna jiwe. Nikaliwekea bega, nikasukuma nione kama litaondoka. Mama wa maharage akanitazama weee, akacheka, akatua jembe, akaja tukasukuma wote wawili mpaka jasho likatutoka.

Halikuondoka. Nimeandika: "Jiwe, kushoto kali."

Ni mimi mdogo wako,
Selemani, msoma ramani