Kipande cha Rada Nilichokutumia Baraka

Yaya, kaka yangu mkubwa,

Jumanne tulijaribu rada kwa mara ya mwisho kabla haijafungwa kwenye chombo kitakachoipeleka Mirihi. Ilifanya kazi. Mawimbi yalikwenda, yakarudi, mstari ukatokea kwenye skrini, na wazungu wakapiga makofi. Mi nilikwenda chooni nikajifungia. Hakuna anayejua hapa ugenini kwamba wewe umeuawa kwa sababu ya kazi hii.

Ni wewe uliyenifundisha kuchomelea nyaya, mimi mutoto mwanamuke, katika kibanda chako cha kutengeneza redio, wateja wakicheka. "Usiogope moto, ogopa haraka," ulikuwa unaniambia kila nilipounguza kitu.

Nilipokuandikia kwamba tunaunda rada ya kutafuta maji chini ya udongo wa sayari nyingine, ulijibu mstari mmoja: "Nitumie kipande, nikione na macho yangu." Kulikuwa na kibao kimoja cha nyaya kilichokataliwa kwa ufa mdogo. Nikakiomba. Vita vilikuwa vimeshafika Uvira. Nilijua, Yaya. Nilijua, na bado nikakifunga katika kitambaa, nikampa mfanyabiashara aliyekuwa anarudi mjini kwetu Baraka kwa njia ya Bujumbura. Alikukuta kibandani peke yako. Uliniandikia kwamba hujawahi kuona mchomeleo safi vile.

Barua yako ya mwisho hiyo.

Yaliyofuata nilielezwa na mke wako, Mama Riziki, kwa simu kutoka kambi ya wakimbizi kule Kigoma. Baaskari waliingia kibandani kutafuta redio za mawasiliano, wakakiona kile kibao. "Hii iko ya kuita ndege," mkubwa wao akasema. "Nani alikupa?" Ukasema muteja mumoja aliiacha, jina lake hulijui. Walikupiga tangu asubuhi hadi jioni, yeye yuko nje na batoto, anasikia. Kila walipouliza, ulijibu vilevile. Mama yetu alikuwa bado kijijini Lweba; ungenitaja, wangemfuata. Halafu wakakupakia kwenye gari, wakapanda njia ya Fizi. Siku ya tatu watu waliokuwa wanakwenda shambani walikukuta umekufa, wakakuzika palepale.

Kibanda kimechomwa. Mama amevuka ziwa pamoja na mke wako na batoto, haulizi kitu tena. Mtoto wako Riziki ameacha kusema kabisa, hata akiitwa. Na mi hapa nimewaambia wenzangu nina malaria. Najaribu kuomba, maneno hayaji. Wanasema rada itaona mbali sana chini ya ardhi. Sitaki kujua kama kuna maji.

Kuna jambo moja, Yaya. Mama Riziki anamulaani yule muteja. "Huyo muntu asiye na jina, Mungu amulipe." Tumeongea mara mbili, na mara zote mbili sikumwambia ukweli. Nikamwambia pole. Pole! Kama jirani.

Jumapili atakuja tena kwenye simu ya kambi. Nitamwambia muteja huyo ni mimi. Akinilaani, ana haki. Akikata simu, nitapiga tena, na Mama naye atasikia. Nakuahidi hilo, sina lingine la kukupa.

Lala, Yaya. Walikupiga siku nzima na jina langu hukulitoa. Nitalitoa mwenyewe.

Mdogo wako,
Faida