Maji ya Upande wa Pili

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Ukungu umerudi. Juzi niliufuta kwa jiki mpaka ukuta ukawa mweupe. Leo mweusi tena, upande wa kitanda, unanuka kama udongo wa kisimani. Tangu Aprili halijaanguka hata tone la mvua. Nje vumbi, ndani ukuta unatoka jasho! Nimepima: sentimita thelathini na mbili kutoka sakafuni.

Mke wangu Mwanahawa anakohoa tangu alfajiri. Miaka arobaini na sita tangu mimi na yeye tuhamishwe kutoka Busi, Kondoa, serikali ilipofunga milima ili iote majani. Sijawahi kusikia kifua chake kikipiga filimbi. Daktari kasema ukuta ukauke, ama tuhame. Kuhama tena — kwa miguu ipi?

Jumatano, 6 Agosti

Matonya, mwenye nyumba, amekuja. Shikamoo yake ilikuwa nzuri. Kisha: kosa ni letu. Tunafunga madirisha, tunachemsha chai kutwa, mvuke wote unahamia ukutani. "Ninyi watu wa Kondoa na chai!" Alikuja na mkataba. Paa na nje ni juu yake. Ndani ni juu ya mpangaji. Ukungu uko ndani.

Nikamuuliza maji yanatokea upande gani. Akautazama ukuta, hakuugusa. Upande wa pili ni chumba cha marehemu mama yake, kina kufuli tangu tuhamie.

Priska wa chumba cha mbele alicheka mpaka akakaa chini. "Babu, mtaa mzima wa Kikuyu tunasubiri mgao wa maji, wewe una bomba lako ukutani!"

Madirisha — kweli tunayafunga, kwa ajili ya vumbi. Nayafungua.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku mbili madirisha wazi. Vumbi kwenye vitabu, vumbi kwenye uji. Ukungu: arobaini na moja. Umenyanyuka kama mgonjwa anayejiinua kwa kiwiko.

Jumapili, 10 Agosti

Saa saba mchana. Mwanahawa akanishika mkono: sikiliza. Nyuma ya ukuta maji yanamiminwa, taratibu. Kisha mtu anaongea Kigogo, kwa upole. Kisha kimya — kimya cha mtu anayesubiri kujibiwa.

Nilitoka. Kufuli lilikuwa wazi. Nikarudi bila kubisha. Niliogopa, mimi, mtu wa miaka sabini na nne!

Jumapili, 17 Agosti

Arobaini na tisa. Mwanahawa hakulala. Nimebisha.

Matonya alifungua akiwa na nguo za kanisani, ndoo mkononi. Kitanda kimetandikwa. Kanga imekunjwa. Pipa la bati limeegemea ukuta wetu. Mama yake, akaniambia, alichota maji mbali maisha yake yote, akafa akiuliza kama pipa limejaa. Kila Jumapili mwanawe analijaza. Kila Jumapili analikuta tupu.

"Anakunywa, mzee."

Nikainama, nikamwonyesha tundu la kutu chini ya pipa.

"Nimeliona siku nyingi," akasema. "Nikiliziba, maji yakabaki — nitajuaje kama bado yupo?"

Nikamwambia maji haya yanamuua mke wangu, na ukuta ni wake. Hakubisha. Ni wangu, akasema, ndani na nje. Kisha akaweka ndoo miguuni pangu.

"Basi wewe mzee ndiye useme niache. Mimi siwezi."

Kaburi la mama yangu liko Busi. Makorongo yamekula ile njia. Nikipelekwa leo siwezi kulionyesha. Nikashika ndoo upande mmoja. Tukamimina.

Nimerudi chumbani. Mwanahawa amekaa ukingoni mwa kitanda, mbali na ukuta. Anauliza tulikuwa wangapi mle. Nimesema wawili. Yeye alisikia sauti tatu.

Sasa anauliza, Matonya ataacha lini? Naandika ili nisimtazame. Maji yanasikika yakishuka —