Sufuria ya Shule Tuliyoiosha Mara Saba

Ngara, Jumapili baada ya adhuhuri

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, na salamu za amani zikufikie wewe na Mama huko Kondoa. Goti lako likoje? Mama bado anakukanda kwa mafuta ya nyonyo, au umeshaanza kumkimbia? Mimi mwanao ni mzima. Baridi ya milima hii nimeizoea, ndizi na maharage nimevizoea, hata watoto kuniita "mwarimu" nimekuzoea.

Najua mnavyosikia habari za vita redioni mnaingiwa na hofu. Vita viko mbali na sisi, kaskazini. Huku tunaona malori tu yakipita na vijana wetu. Walimu wawili wameitwa kwenye mgambo, kwa hiyo nafundisha darasa la kwanza na la saba, nikikimbia huku na huku. Lakini nisikuchoshe na hayo. Lipo jambo lililonipata, nami nilitamani ungekuwepo.

Mwezi uliopita nilikwenda Ngara mjini kuchukua chaki na madaftari. Malori yote yako vitani, nikarudi kwa miguu, siku ya tatu ndiyo nikafika. Kuingia darasani naona madawati wazi. Watoto wote tisa wa Kiislamu hawapo, hata Hadija wa darasa la saba, ambaye hesabu anazifanya kabla sijamaliza kuziandika ubaoni. Na mtihani umekaribia!

Nikamwendea Mwalimu Mkuu, Mwalimu Filimoni. Ni Mkristo, mtu mpole sana. Akaniambia kwamba nguruwe pori aliingia shamba la shule, akala muhogo, wanakijiji wakamuua. Watoto walikuwa hawajaonja nyama miezi mingi, basi akapikwa palepale shuleni.

"Lakini watoto wenu Waislamu sikuwalazimisha," akasema. "Kesho yake niliwapa maharage matupu."

"Yalipikwa kwenye sufuria gani, Mwalimu?"

Akageuka kutazama jikoni. Kisha akasema, "Ile ile. Kwani tunayo nyingine?"

Jioni ile nikaenda kwa Mzee Rajabu, baba yake Hadija. Ndiye mchinjaji wa kijiji, na wazazi wenzake wa Kiislamu humsikiliza yeye. Nilimkuta akipogoa migomba. Aliitikia shikamoo yangu bila kuliweka panga chini.

"Mwalimu, wewe ni mtoto wa chuo cha Kurani. Ungekula katika sufuria ile?"

Baba, ningesema nini? Nikamjibu, "Nisingekula."

"Basi na wangu hawatakula. Watakaa nyumbani."

Hapo nikakumbuka ulivyotufundisha barazani: chombo cha namna hiyo huoshwa mara saba, moja kwa udongo, kikawa safi. Nikamwambia.

"Hilo nalijua tangu hujazaliwa," akasema. "Ila nani ataiosha? Ukiwaambia watatucheka tu."

Usingizi ulinipaa. Asubuhi nilimweleza Mwalimu Filimoni huku nikitazama chini, maana niliogopa kweli atacheka. Hakucheka. Aliuliza, "Mara saba tu? Nilidhani utaniambia tununue mpya, na mpya haipatikani popote."

Jumamosi akajitwika sufuria ile kubwa kichwani mwake mwenyewe mpaka kijitoni. Wazazi wa Kiislamu, niliowapelekea habari, walikuwa wamesimama ng'ambo, Mzee Rajabu mbele yao, mikono nyuma. Mwalimu Mkuu akakunja suruali, akachota udongo, akasugua mpaka jasho likamtoka. Mimi nikamimina maji. Mzee Rajabu akawa anahesabu kwa sauti: "Moja... mbili..." Kufika ya tano Mwalimu Filimoni akashika kiuno, akasema, "Mzee, hesabu yako ni ndefu kuliko ya serikali!" Watu wakaangua kicheko, naye Mzee Rajabu akacheka, ingawa alijitahidi kujizuia. Ya saba ilipokwisha alivuka maji, akashika mkono mmoja wa sufuria, wakapanda nayo kilima wawili. Njiani wakakubaliana kwamba nyama ya nguruwe haitaingia tena jikoni pale, na mbuzi wa shule atachinjwa na yeye.

Jumatatu walirudi wanane. Hadija hakuonekana siku hiyo, wala siku ya Jumanne. Jumatano naona Mzee Rajabu anaingia uwanjani kavaa kanzu, Hadija nyuma yake, na mkononi kamshika mdogo wake Hadija ambaye hajawahi kutia mguu shuleni.

"Hadija alikuwa anamsaidia mama yake kuvuna maharage," akasema. "Na huyu mwandike. Lakini utamwandika jina gani?"

Sikumwelewa. Ndipo akanisimulia kwamba alipokuwa mtoto alipelekwa shule, mwalimu akamwandikia jina jingine, si la nyumbani kwao. Siku ya nne akatoroka, na hakurudi tena.

"Nitamwandika jina ulilompa wewe," nikasema. Akanitajia, nikaliandika kwenye daftari la mahudhurio, nikamgeuzia. Akatikisa kichwa, herufi za shule hazijui. Basi nikachukua penseli, pembeni nikaliandika tena kwa herufi za Kiarabu ulizonifundisha. Akainama, akapitisha kidole kutoka kulia, polepole: "Zai... na... bu."

Akalisoma mara ya pili, kwa sauti, ili mtoto asikie. Kisha akamwachia mkono.

Nisalimie Mama, kaka yangu fundi cherehani na mkewe, shangazi wa Kolo, na wanafunzi wako wote wa chuoni. Mzee Rajabu anakuombea afya. Nami naubusu mkono wako kutoka huku mbali, nikiwa na furaha.

Mwanao,
Salma