Siku Mjukuu Wangu Aliposema Panapouma

Ijumaa jioni, nyumbani Muleba. Mvua ilitupiga tangu tukiwa njiani kwenda Bukoba, gauni langu la misa limelowa mpaka magotini, na sijali hata kidogo.

Nina furaha. Nina majivuno pia, nisidanganye.

Mimi shule sikuiona. Nasema, simu inaandika, ikikosea shauri yake.

Leo nilimsindikiza mjukuu wangu Kamugisha kwa madaktari wanaopima wanajeshi walioumia kazini. Nimemlea mwenyewe tangu mama yake afariki. Alikwenda jeshini ana miguu miwili, akapelekwa kulinda amani nchi ya watu, bomu la kutegwa ardhini likamrudisha na mmoja. Serikali ina pensheni ya ulemavu kwa watu kama yeye, lakini lazima kwanza madaktari waseme umeumia kiasi gani. Wakisema kidogo, umekwisha.

Mara ya kwanza walisema kidogo.

Wala siwalaumu. Kwetu Buhaya mtu akikuuliza hali, humbwagii ugonjwa wako mlangoni. Unajibu salama. Anakaa, mnampa kahawa ya kutafuna, anauliza tena taratibu, ndipo unamwambia kinachokunyima usingizi. Sasa Kamugisha aliingia kule kavaa mguu wa bandia, viatu vinang'aa, magongo kayaacha nje kwa aibu. Daktari akauliza, "Unaendeleaje?" Akajibu, "Salama, afande." Daktari akaandika salama. Kahawa haikuletwa, swali la pili halikuja, mtoto akarudi nyumbani mikono mitupu.

Nilipomwambia akate rufaa alikasirika.

"Bibi, askari halii."

"Nani kakwambia ulie? Nimesema useme!"

Tulinuniana hata chakula tukala kila mtu na upande wake. Mwisho akakubali, kwa sharti moja: nikifika kule nisifungue mdomo. Nikaahidi.

Leo tumeingia pamoja. Mezani walikuwa madaktari watatu. Yule wa katikati, mwanamke mwenye miwani, akauliza kwa upole, "Kijana, unaendeleaje?"

Kamugisha akakaa wima. "Salama, afande."

Nikaona kalamu inashuka kwenye karatasi.

Ahadi yangu ikaishia hapo. "Waitu daktari," nikasema kwa heshima ya Kihaya, "hiyo ni salamu. Sasa muulize hali."

Mmoja wao akacheka mpaka akakohoa. Kamugisha akanikata jicho, ningekuwa kuku ningekufa. Lakini yule mama hakucheka. Aliweka kalamu chini, akavuta kiti karibu. "Bibi yako kasema kweli. Haya, mwanangu. Hali yako ikoje?"

Kamugisha akazidi kukaa wima.

Nikajua tumeshindwa tena. Nikaanza kutafuta mwavuli wangu.

Kisha kijana wangu akainama, akavua mguu wa bandia, akaulaza sakafuni. Akasema unamchubua, kigutu kinatoa damu, ndiyo maana anauvaa siku za kuonekana na watu tu. Akasema jani la mgomba likianguka juu ya bati, anajikuta yuko chini ya kitanda na hajui alifikaje. Halafu akasema, "Nilikuwa nakanyaga ndizi za pombe ya rubisi, kila nyumba yenye sherehe inaniita. Siku hizi vijana wenzangu wakiingia kwenye mtumbwi wa kukanyagia, mimi nakaa na wazee, nasubiri kuonja."

Hilo hata mimi alikuwa hajaniambia. Nilidhani anapenda hadithi za wazee.

Hakulia. Hakupandisha sauti. Alieleza kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, hapa kuna shimo, pale kuna daraja bovu. Nilimwona akiapa jeshini na sare yake mpya, nikajivuna. Leo nimejivuna zaidi.

Wakamwambia palepale: kiwango cha ulemavu kitaandikwa upya, pensheni atalipwa kila mwezi, na mguu mwingine utatengenezwa wa kumkaa sawasawa. Nikapiga vigelegele humohumo ofisini. Mlinzi akachungulia akidhani kuna fujo. Fujo ilikuwepo, ilikuwa yangu.

Najua majirani watasema nafurahia hela. Waseme. Hela tutaila, na hatukuiomba barazani kwa mtu. Ni haki ya mguu wake.

Tukapita mtaa wa Bakoba, hukohuko mjini, kutafuta chakula. Mama mwenye kibanda, mdomo wake kama wangu, akamtazama Kamugisha na magongo yake. "Hizi bodaboda zitawamaliza, baba. Wewe ulianguka wapi?"

Siku zote akiulizwa hivyo anaitikia ndiyo, bodaboda, ili yaishe. Nimemsikia hivyo sokoni, nimemsikia mpaka msibani.

Leo akafuta mikono. "Si bodaboda, mama. Nilikuwa askari. Niliumia nikilinda watu."

Yule mama akasimama na mwiko wake. Halafu akamwongezea kipande cha samaki bila kuulizwa.

Mimi nikasahau kula. Mimi!

Jumapili tunakwenda misa. Tangu arudi anakaa benchi la mwisho, karibu na mlango, ili atoke kabla watu hawajainuka. Safari hii nitatembea naye mpaka mbele kabisa, polepole, kwa mwendo wake. Anayetaka kutazama, atazame.